Usiweke namba za GPS za mjusi wako kwenye makala

Mkuu, kwanza futa ile picha uliyoiweka ya mjusi jike kwenye ufa wa mwamba. Nimeipakua nikafungua taarifa zake: namba za GPS zimo ndani, simu imeziandika yenyewe. Futa, ndipo urudi tuongee.

Umeuliza spishi yako mpya ya mjusi kafiri uipeleke jarida gani, wahakiki (wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa) huchukua muda gani, na jedwali la namba za GPS likae ndani ya makala au kwenye kiambatisho. Nakujibu hilo la jedwali, maana ndilo lililonitesa. Lisikae popote. Si kwenye makala, si kwenye kiambatisho, si kwenye ramani yenye nukta.

Mimi niliziweka. Ilikuwa makala yangu ya kwanza, kuhusu mjusi mdogo wa kwenye nyufa za mawe ambaye eneo lake lote unalizunguka kwa miguu asubuhi moja. Rasimu yangu ilitaja safu ya milima tu. Mwandishi mwenzangu, mkubwa kwangu kwa umri na kwa kazi, akanirudishia na wino mwekundu pembeni: hii si sayansi, mtu mwingine ataurudiaje utafiti wako? Mhakiki mmoja naye akashikilia hapo hapo. Nikaweka desimali tano. Desimali tano za nyuzi za latitudo na longitudo ni kama mita moja, mkuu. Yaani sikuwaonyesha mlima, niliwaonyesha jiwe.

Nilirudi kule mwaka uliofuata. Yale magamba ya mwamba ambayo mjusi hujibanza chini yake yalikuwa yamebanduliwa, yamelala chali, na upande ambao haukuwahi kuona jua ulikuwa bado mweupe. Kwenye kingo za nyufa kulikuwa na alama za mtaimbo. Chini ya gamba moja lililovunjika nilikuta mayai mawili yamegandia mwambani, yamekauka na kubonyea. Usiku tukapita na tochi palepale nilipowahi kuhesabu mijusi thelathini na mmoja. Tukaona wawili, wote watoto. Na hata wakizaliana, watajificha wapi? Gamba likishabanduka halirudishiki, na mwamba hauoti jingine katika maisha ya mtu.

Baadaye nikawaona mijusi hao kwenye tangazo la wauza wanyama wa kufuga, wakiitwa kwa jina nililowapa mimi, na asili yao imenukuliwa neno kwa neno kutoka kwenye makala yangu.

Nilipomweleza yule mwandishi mwenzangu, akasema kazi ya mtafiti ni kuchapisha, ulinzi ni wa wengine. Mpaka leo sijamsamehe, kwa sababu si kwamba hakuna aliyeonya. Goniurosaurus luii, mjusi wa kusini mwa China, alielezwa kisayansi mwaka 1999, na wakusanyaji wakammaliza palepale alipoelezwa. Mwaka 2006 watafiti waliandika kwenye jarida la Science wakionya kwamba maelezo ya kisayansi yenyewe yanaweza kumwangamiza mnyama. Mwaka 2017 watafiti Lindenmayer na Scheele wakarudia onyo hilo kwenye jarida lilelile. Mtu aliyezeekea fani hii asiniambie hakusikia.

Sasa watakutisha kwamba bila namba hizo jina halitakubalika. Si kweli. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama zinataka maelezo yanayomtofautisha mnyama, holotaipu (yule mnyama mmoja aliyehifadhiwa ambaye jina la spishi limefungwa kwake) iliyotajwa waziwazi, na jina la mkusanyo ambamo imehifadhiwa au itahifadhiwa pamoja na mahali ulipo. Namba za mahali alipokamatwa ni pendekezo, si sharti. Mwaka 2015 watafiti Yang na Chan walieleza spishi mbili za jenasi hiyo hiyo ya Goniurosaurus kwenye jarida la Zootaxa bila kutaja walikopatikana. Taarifa walizikabidhi kwa mamlaka za serikali, na mtafiti mwenye haja huziomba.

Na usidhani kukata desimali kunatosha. Desimali moja ni kama kilomita 11, lakini kama ndani ya hizo kilomita kuna jabali moja tu, picha ya setilaiti inamaliza kazi. Kwa hiyo angalia pia mwinuko uliouandika, picha ya mazingira inayoonyesha umbo la mlima, na rekodi za vinasaba unazopakia GenBank, ile hazina ya vinasaba ya mtandaoni, maana huko nako kuna nafasi ya kujaza namba. Angalia na shukrani. Mimi nilimshukuru mzee aliyetuongoza, kwa jina lake na la kijiji chake. Wageni walimfuata nyumbani wakiwa na makala yangu mkononi, naye akawapeleka akidhani nimewatuma mimi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Namba kamili peleka makumbusho pamoja na mjusi uliyemhifadhi, na uwaandikie kwamba zisitolewe mtandaoni. Kwenye makala weka hivi: "Mahali kamili hapatajwi ili kuilinda spishi, taarifa zimehifadhiwa makumbusho pamoja na holotaipu na zitatolewa kwa watafiti watakaoziomba." Mweleze mhariri sababu kwenye barua ya mwanzo kabisa, kabla mhakiki hajaanza kudai. Ukikwama kwenye barua hiyo nitumie rasimu, tutaiandika pamoja.