Meno ya chuma kwa barafu ya Margherita

SWALI: Volkano ya Nyiragongo nimeizoea, sasa nataka kilele cha Margherita, mita 5,109, kule milima ya Rwenzori. Nimepata kramponi, vile vyuma vya kufunga chini ya kiatu ili kukanyaga barafu, za mitumba zenye meno 12, butu kidogo. Fundi wa kuchomelea anasema atazinoa kwa mashine dakika 5 tu. Nimpe?
Msomaji, Himbi, Goma

JIBU: Usimpe! Joto la mashine hulainisha chuma, na jino laini hupinda kwenye barafu ngumu. Tumia tupa ya mkono, ukisukuma kuelekea nchani, kwenye kingo nyembamba tu; ubapa usiuguse. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, usizivae tena.

Kisha zivishe kiatuni bila kufunga mkanda, inua, tikisa. Zikidondoka, hazijakaa sawa. Kiatu chenye soli inayopinda kinataka kramponi za mikanda mitupu. Zile za kubana kisigino zitafyatuka njiani. Bizimu ya mkanda ikae upande wa nje wa mguu.

Jua likipanda, theluji hulowa na kugandamana chini ya mguu kama ugali, meno yasifike kwenye barafu. Gonga kiatu kwa mpini wa shoka la barafu. Tembea miguu ikiachana kidogo, maana meno hayo hupenda sana suruali.