Lenzi ya Kwanza kwa Anayepiga Picha za Mandhari na za Magari

Mtu anayependa kupiga picha za mandhari na za magari pia hushauriwa karibu kila mara aanze na lenzi pana, ya milimita 16 hadi 35 (milimita zikiwa chache lenzi huona eneo pana, zikiwa nyingi huvuta vya mbali), kwa hoja kwamba mandhari ni kubwa na inahitaji lenzi inayomeza mengi. Lenzi ya aina hiyo ninayo na ninaitumia, lakini anayeniuliza anunue ipi kwanza mimi humjibu kwamba atangulie na ya milimita 70 hadi 200, na ile pana ifuate fedha zitakaporuhusu.

Sababu yangu ni umbali. Umbo la gari katika picha huamuliwa na mahali aliposimama mpiga picha, na kazi ya lenzi ni kumruhusu asimame hapo. Chukua gari la urefu wa mita 4.5 na kamera yenye kihisi, yaani sehemu inayopokea mwanga, cha upana wa milimita 36. Ili ubavu wa gari hilo ujaze fremu, lenzi ya milimita 24 itakulazimu usimame mita 3 tu kutoka lilipo, ya milimita 50 itakupeleka mita 6 na kidogo, na ya milimita 85 karibu mita 11. Ukilipiga kwa karibu, kwenye mita 3 hizo, kutoka kwenye kona ya mbele, taa na gurudumu vilivyo jirani nawe huvimba, ilhali sehemu ya nyuma hunywea kana kwamba gari limekatwa. Wapo wanaoupenda uso huo wa ukali, hasa kwa magari ya michezo, nami sina ugomvi nao kwa picha moja. Picha kumi za namna hiyo huchosha. Ukirudi nyuma, tofauti ya umbali kati ya pua na mkia wa gari huwa ndogo ikilinganishwa na umbali wako wewe, na mistari ya bodi huonekana kama ilivyochorwa na mbunifu wake.

Jambo hilohilo ndilo linaloiunganisha picha ya gari na ya mandhari. Weka gari mbele ya mlima ulio mbali sana, ulipige kwa milimita 24, kisha rudi nyuma mpaka gari lilelile litoshe kwa ukubwa uleule kwenye milimita 135. Mlima, ambao katika picha ya kwanza ulikuwa kichuguu nyuma ya paa, sasa utakuwa mkubwa zaidi ya mara 5. Hata pasipo gari, lenzi ndefu hukuwezesha kuchagua bonde moja, au tuta moja lililopigwa na jua la asubuhi, badala ya kubeba anga tupu na nyasi nyingi zisizosema kitu.

Lenzi pana ina mahali pake: ndani ya gari, kwenye dashibodi na usukani, na katika mandhari yenye mawe au maua karibu na miguu yako. Milimita 24 kwa f/11 (namba ya f hupima uwazi wa tundu la lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo), fokasi ikiwekwa mita 1.75 hivi, hutoa picha kali kuanzia chini kidogo ya mita 1 hadi upeo wa macho.

Kuhusu uwazi wa lenzi, sioni haja ya kulipia f/2.8 kwa kazi hizi mbili. Mandhari hupigwa kwa f/8 au f/11 juu ya tripodi, na gari likipigwa kwa pembe huhitaji f/5.6 au f/8 ili lote liwe kali. Lenzi ya f/4 ni nyepesi na inatosha. Usivuke f/16 bila sababu, kwa kuwa mwanga unaopita kwenye tundu dogo sana hutawanyika na kulainisha picha.

Fedha utakazookoa hapo nunulia filta ya polaraiza, kioo cha kuzungusha kinachofungwa mbele ya lenzi. Hupunguza mng'ao kwenye kioo cha mbele na kwenye rangi ya bodi, na hukoleza anga, hasa upande ulio pembe ya digrii 90 kutoka kwenye jua. Izungushe taratibu, maana ukiondoa mng'ao wote gari hupoteza umbo lake. Pia angalia vioo vya madirisha ya nyuma, kwa sababu kioo kilichoimarishwa kwa joto huweza kuonyesha madoa ambayo jicho halikuyaona. Kwenye lenzi pana sana, filta hii huacha anga lenye giza upande mmoja na weupe upande mwingine, nami huko huivua.

Kama kihisi cha kamera yako ni kidogo, kile kinachofanya milimita za lenzi zihesabiwe mara 1.5, milimita 70 zitaona kama 105, na utahitaji nafasi zaidi nyuma yako. Kwa anayepigia magari kwenye nyua finyu, hapo lenzi moja ya milimita 50 isiyobadilika itamfaa kuliko zote nilizozitaja.