Stata inazunguka, gari haliwaki

SWALI: Shikamoo fundi. Gari langu la petroli linapiga stata vizuri ila haliwaki. Huku Uyole, Mbeya, asubuhi ni baridi kali. Ninunue betri?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue, stata ikizunguka kwa nguvu, betri haina kosa. Fungua swichi tu bila kupiga stata, utege sikio siti ya nyuma: kwenye magari mengi pampu ya mafuta huvuma kama sekunde 2, kisha hunyamaza. Ikiwa kimya, anza na fyuzi na rilei yake, ile swichi ndogo ya umeme inayoiwasha pampu. Ikivuma, fungua plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika. Mara nyingi cheche ndiyo haipo.

Juzi hapa Mwanjelwa mama muuza viazi alikuwa ameshauziwa betri mpya, kumbe fyuzi imekatika. Iliniuma sana.