Masuali ya lojiki ya LSAT: punguza wingi, vunja moja moja

Salaam alaykum. Nimekusoma ndugu yangu, kwamba uko mwaka wa mwisho wa sheria chuoni Tunguu, unataka kwenda kusoma JD, ile digrii ya uwakili ya Marekani, kila usiku unapiga masuali ya lojiki mpaka macho yanauma na maksi ziko pale pale. Mie mtihani huu wa LSAT, wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani, nishaupitia na sasa hivi nawasimamia wadogo zangu wawili wanaojiandaa, kwa hiyo ntakwambia ninavyoona, ukikubali sawa, usipokubali pia sawa.

Kwanza hakikisha ndio mtihani unaouhitaji. Kama unachotaka ni LLM tu, yaani digrii ya pili ya sheria, vyuo vingi Marekani havimdai LSAT mtu ambae tayari ana digrii ya sheria, watakutaka mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS, basi. Na ukibadilisha mawazo ukaenda Uingereza kusoma sheria tangu mwanzo, baadhi ya vyuo kule vinataka LNAT, mtihani wao wa kuingilia sheria, masuali 42 kwa dakika 95 halafu insha ya dakika 40, ule mwengine kabisa.

Haya, LSAT yenyewe. Tangu Agosti 2024 ile sehemu ya mafumbo ya kupanga watu kwenye viti imeondolewa, kwa hiyo ukipewa kitabu cha zamani na mtu usipoteze usiku wako humo. Sasa zinazohesabiwa ni sehemu mbili za lojiki na moja ya kusoma na kufahamu, na iko ya nne ambayo haihesabiwi lakini hutoijua ni ipi, kila moja dakika 35. Sehemu ya lojiki ina masuali kama 25 hivi, yaani hata dakika moja na nusu kwa suali hupati. Maksi ni kuanzia 120 mpaka 180 na ukikosea hukatwi, kwa hiyo usiache suali tupu hata moja, bahatisha.

Sasa tatizo lako naliona hapa: unafanya, unaangalia majibu, unasema "aa kumbe ni C", unasonga mbele. Hapo hujajifunza kitu yakhe, umehesabu tu. Fanya hivi, ukimaliza seti USIANGALIE majibu kwanza, rudi bila ya saa kwenye kila suali ulilokuwa na wasiwasi nalo, hata kama unahisi umepata, na kwa kila moja andika kwa mkono kwa nini yale machaguo manne mengine si jibu. Si "halipendezi" au "halihusu", andika sababu khasa. Ndio ufungue majibu. Itakuchukua muda mrefu kuliko seti yenyewe na ndivyo inavyotakiwa, afadhali masuali kumi ya namna hiyo kuliko mia ya mbio mbio.

Tena andika kwa Kiswahili. Watu wananibishia hapa lakini mie nashikilia, ile lugha yao imepindwa makusudi, sentensi moja ina mistari minne, unaweza kuisoma ukadhani umeifahamu na hujafahamu kitu. Kama huwezi kumsimulia dada yako kwa Kiswahili huyu mtu anadai nini na ushahidi wake upi, basi hujafika kwenye machaguo bado, usiyaangalie.

Nikupe mfano wa kwetu. "Boti la asubuhi limejaa, kwa hiyo Salim hatofika Pemba leo." Hoja fupi lakini ina matundu. Pengine Salim yumo miongoni mwa hao waliolijaza, tiketi kakata tokea juzi. Pengine atapanda ndege akashuke Chake. Pengine boti jengine lipo mchana. Sasa suali likikuuliza mzungumzaji amechukulia nini bila ya kusema, likaja chaguo "Salim hana tiketi ya boti la asubuhi", lipindue: tuseme anayo. Hoja imekufa papo hapo, kwa hiyo lile alilihitaji, ndio jibu. Likija "hakuna mtu yeyote atakaefika Pemba leo", lipindue: yuko mmoja atafika. Hoja bado inasimama, maana huyo mmoja si lazima awe Salim. Chaguo hili ndilo linalowanasa watu, kwa sababu likiwa kweli linaithibitisha hoja moja kwa moja, lakini suali halikuuliza kinachothibitisha, limeuliza kinachohitajika. Kwenye aina hii majibu ya upole aghlabu ndio yenyewe, yenye "yeyote" na "kamwe" yatilie shaka kwanza.

Kosa jengine utakalokutana nalo kila seti: kila mzaliwa wa Wete ni Mpemba, Salim ni Mpemba, basi Salim kazaliwa Wete. Mtu wa Mkoani, nako ni Pemba vile vile, akikusikia atakuguna tu! Hapa unaliona haraka kwa sababu unapajua, lakini wao wanalificha ndani ya habari za vijidudu na wachoraji wa karne zilizopita. Vua hayo maneno, weka Wete na Mpemba, utaliona.

Na yale ya sababu na matokeo, taa za barabarani zimewekwa, ajali za pikipiki za usiku zimepungua, basi taa ndio zimepunguza. Jiulize kama petroli nayo haikupanda wakati ule ule, watu wakaacha kutembea usiku. Hayo mepesi ukishazoea.

Saa usiiweke mwanzo. Ukishaona unaeleza sababu bila ya kugugumia ndio uanze dakika 35, na ufanyie kwenye kompyuta si karatasi, LSAC, wenye mtihani wao, wana tovuti ya mazoezi inaitwa LawHub na akaunti ya bure inakupa mitihani kamili michache, usiimalize yote wiki ya kwanza kwa pupa. Umeme ukikatika katikati ya seti, ihesabu kama zoezi tu, usiiandike maksi.

Kama liko suali linalokusumbua litunge upya kwa majina ya kwetu ulilete hapa, lile lenyewe usilibandike maana lina hakimiliki, na useme wewe ulichagua lipi na kwa nini, tulivunje.