Cheti cha hiari, si cha kujitolea

Msomaji wa Morogoro anauliza: kiwanda anachofanyia kazi kimepata cheti cha ISO 14001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira, na bango la getini linasema ni "cheti cha kujitolea cha kampuni rafiki wa mazingira". Je, "kujitolea" ni sahihi hapo?

Si sahihi. Anayejitolea hutoa nguvu zake, muda wake au damu yake bila kudai malipo. Neno linalotakiwa ni hiari, lililotoka Kiarabu kwenye maana ya kuchagua. Cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira ni cha lazima kwa miradi inayotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Hiki cha ISO kiwanda kimekiomba chenyewe. Basi ni cheti cha hiari.

Lakini huyo "rafiki wa mazingira" simwachii apite. Wapo wanaobishana kama ni rafiki "wa" au rafiki "kwa". Kosa haliko huko, liko kwenye rafiki mwenyewe, aliyebebwa mzimamzima kutoka Kiingereza. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mfuko ulioandikwa "rafiki wa mazingira" umeufaa mto gani? Tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, maneno haya yamebandikwa kila mahali. Ninao mfuko mmoja wa namna hiyo mezani: wa kijani, una picha ya jani, mkono mmoja umeng'oka. Nimeufikicha pale ulipochanika. Ni nyuzi za plastiki zilizogandamizwa zifanane na kitambaa. Ungeandikwa "hauchafui mazingira", mnunuzi angeuliza palepale: ukitupwa mtaroni, unaoza? Kitenzi hudai ushahidi. "Rafiki" hadai chochote.

Kwa kiwanda ni vibaya zaidi. ISO 14001, iliyotoka 1996 na kurekebishwa 2004 na 2015, hukagua mfumo wa usimamizi: sera ipo, malengo yapo, kumbukumbu zinatunzwa, kampuni imeahidi kutii sheria na kuzidi kujirekebisha. Haitaji kiasi cha moshi wala cha uchafu kwenye maji. Shirika la ISO lenyewe halimpi mtu cheti. Vyeti hutolewa na wakaguzi wengine. Ndiyo maana viwanda viwili vya ngozi vinaweza kuwa na cheti kilekile, na maji yanayotoka kwenye mabomba yao yasifanane hata kidogo. Kukiita kiwanda rafiki kwa sababu ya fremu iliyotundikwa mapokezi ni kukivika kilemba cha ukoka, wakati jirani anayechota maji chini ya bomba anaijua rangi yake kila asubuhi.

Bango liandikwe hivi: "Kiwanda hiki kina cheti cha hiari cha mfumo wa usimamizi wa mazingira, ISO 14001." Chini yake uongezwe mstari wa pili: maji yetu yalipimwa tarehe fulani, yakakutwa na hiki na hiki, kwa kiasi hiki.