Shule za ufuoni ambako kichocho hakishuki

SWALI: Daktari, nashughulikia takwimu za afya huku Seme, Kaunti ya Kisumu. Wanafunzi hupewa dawa ya kichocho kila mwaka, lakini shule kadhaa za ufuoni hazishuki ilhali jirani zao zimeshuka. Nina asilimia ya kila shule kwenye Excel. Nitaundaje modeli ya kunionyesha pa kuelekeza nguvu?

JIBU: Asilimia peke yake haitakufikisha mbali. Rudi kwenye daftari la maabara uchukue idadi ya mayai ya minyoo ya kila mtoto na idadi ya slaidi (vioo vya darubini) alizosomewa. Kibao cha Kato-Katz, kipimo cha kuhesabu mayai kwenye kinyesi, hubeba miligramu 41.7, kwa hiyo yai moja kwenye slaidi ni sawa na mayai 24 kwa gramu. Mtoto wa kiwango hicho akisomewa slaidi moja, uwezekano wa kukosa yai lolote ni kama asilimia 37. Slaidi mbili, asilimia 14. Huenda basi hizo shule "zilizoshuka" zimeshuka nusu tu, nusu nyingine ni slaidi isiyoona.

Mayai hayagawanyiki sawa: watoto wachache hubeba mengi mno. Poisson, hesabu inayochukulia watoto wanafanana, itakudanganya hapo. Tumia binomia hasi, inayoruhusu tofauti kubwa kati ya watoto, shule ikiwa athari nasibu (yaani kila shule ipewe kiwango chake). Ongeza umbali kutoka nyumbani kwa mtoto hadi ziwani (nyumbani, si shuleni, kwani ugonjwa huu huupati darasani) na idadi ya waliomeza dawa mbele ya mwalimu. Vidonge vilivyotolewa stoo si vidonge vilivyomezwa.

Hapo ndipo modeli inaanza kusema. Waliomeza wakiwa wachache, tatizo ni ugawaji. Wakiwa wengi na mayai hayashuki, huenda wanaambukizwa upya: prazikwanteli, dawa hiyo ya kichocho, haiui minyoo michanga wala haimkingi mtoto akirudi majini kesho. Mwongozo wa WHO wa 2022 unataka maeneo yenye maambukizi ya asilimia 10 na zaidi yatibu kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo, na kufikia angalau asilimia 75 yao.

Ukiijaribu modeli, ifiche shule nzima nzima wakati wa kuifunza, kisha uone inavyozikisia. Ukificha watoto hapa na pale, wenzao wa darasa moja watakuwa wameshaifunulia majibu, nayo itaonekana hodari kupita kiasi.

Na kama shule zako hazizidi kumi, achana na ramani za rangi. Msomee kila mtoto slaidi ya pili.