Re: Jumuiya ya watu 12 Mafinga, hela hatuna, tuwasaidieje wajane wazee msimu huu wa baridi?

Kamwene dada. Msianze na harambee. Kila Jumamosi kila mmoja alete nusu kilo ya unga: ni kilo 6, zinawatosha wazee wawili kwa wiki. Wanne kati yenu waongeze nusu kilo ya maharage, ya msimu huu. Yaliyokaa sana ghalani hayaivi, yanamaliza kuni za bibi wa watu. Yachambueni kabisa, macho yake hayaoni mawe. Na mahindi yaliyoota ukungu msisage, sumu yake haitoki kwa kupika.

Juni hadi Agosti shida kubwa huko kwenu ni moto kuliko chakula. Yakobo 2:16 inasema wazi, kumwambia mtu akaote moto bila kumpa kitu haifai. Pelekeni kuni zilizokauka na kupasuliwa ndogo. Za mti mbichi ni moshi mtupu. Mkikuta jiko la mkaa chumbani usiku, litoeni nje kabla ya kusali. Hewa yake haina harufu, na mlango uliozibwa matambara kwa ajili ya baridi ndiyo unaoua.

Huduma nyingi za namna hii hufa wiki ya nne, kwa sababu siku ya kwanza walikwenda wote 12 na picha juu, kisha kila mtu akadhani mwenzake ataenda. Nendeni wawili wawili, majina yaandikwe kwenye daftari la jumuiya. Chota maji ndoo mbili, fagia, kaa nusu saa umsikilize. Picha acheni, mji mdogo huo, watu wanajuana.